Umeme wa Land Rover ya zamani: fyuzi mbili na nyaya zisizo na mlinzi

Waya wenyewe ulikuwa wa kijani wenye mstari wa zambarau, ule unaopeleka umeme kwenye taa za breki. Nilipoikata tepu nyeusi iliyoufunga pamoja na wenzake, nilikuta mpira wake umeyeyuka kwa urefu unaozidi mkono wangu, umegandana na nyaya za jirani, na shaba imebaki wazi, nyeusi. Gari ni Land Rover 109 ya mjomba wangu huko Tanga, Series IIA, na limenizidi umri. Moshi ulitoka akiwa kwenye foleni, mguu kwenye breki. Siku tatu baadaye harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado imeng'ang'ania viti.

Nikafungua kasha la fyuzi. Zilikuwemo mbili, idadi ileile iliyotoka kiwandani. Zote nzima. Kijiwaya ndani ya kioo kimenyooka kana kwamba kimewekwa jana.

“Sasa mjomba,” akaniuliza, “kama waya umeungua na fyuzi imekaa tu inatazama, kazi yake nini?”

Ukilijibu swali hilo hadi mwisho, utakuwa umeuelewa umeme wa karibu kila gari la Kiingereza la miaka ya 1950 na 1960. Land Rover, Morris, Austin na Triumph walichota kisima kimoja: kampuni ya Lucas ya Birmingham ndiyo iliyowatengenezea dinamo, swichi, taa na makasha ya fyuzi, na rangi za nyaya zao zilifuata utaratibu mmoja. Ukilijua gari moja, la pili unalisoma.

Fyuzi ni waya mwembamba uliotolewa kafara. Umewekwa mahali ambapo kukatika kwake hakuleti madhara, ndani ya kioo, ili ukatike kabla waya mwingine wowote wa njia hiyo haujapata moto. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba inalinda kifaa: taa, redio, honi. Lakini kifaa kikishavuta umeme wa kukata fyuzi, chenyewe kimeshaharibika. Kinacholindwa ni waya uliojificha nyuma ya dashibodi na ndani ya chasisi, kwa sababu huo ndio unaoweza kuliteketeza gari.

Kila waya una ukinzani kidogo, na umeme ukipita humo unaupasha moto. Joto hilo linapanda kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto ni mara tisa. Ndiyo maana waya unaweza kupitisha ampea 4 kwa miaka hamsini bila kupata hata uvuguvugu, kisha siku moja ukayeyuka wakati dereva anasubiri taa za barabarani zibadilike.

Uwezo wa waya unaujua kwa kuhesabu nyuzi zake. Waingereza waliziita nyaya kwa idadi ya nyuzi na unene wa kila uzi. 14/0.30 maana yake ni nyuzi 14 za shaba, kila uzi ukiwa na kipenyo cha milimita 0.30. Kwenye michoro ya zamani utaona 14/.012, hizo ni inchi, na waya ni uleule. Huo huhesabiwa kuwa wa ampea 8.75. Wa nyuzi 28 ni wa ampea 17.5, wa nyuzi 44 ni wa 27.5, na wa nyuzi 65 ni wa 35. Ukikutana na waya usioujua, menya ncha, zifumue nyuzi, uzihesabu. Mimi hutandika kitambaa cheupe kwenye paja na kuzihesabu moja moja kwa ncha ya bisibisi, maana shaba iliyozeeka ina rangi ileile ya vumbi letu na macho hupotea kirahisi.

Waya wa taa za breki wa mjomba ulikuwa wa nyuzi 14. Balbu mbili za wati 21 zinakula wati 42, ambazo kwa volti 12 ni ampea 3.5. Waya ulikuwa na nafasi tele. Lakini mpira wake ulishachunika mahali fulani na shaba ikawa inagusa chasisi penye kutu. Kutu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo haikuwa shoti kamili ya kurusha cheche. Ulikuwa mvujo. Tuseme ulivuta ampea 28. Hizo ni zaidi ya mara tatu ya uwezo wa waya, na joto lake linazidi mara kumi ya lile ambalo waya huo unalimudu. Fyuzi iliyokuwa mbele yake iliandikwa 35, na kwa fyuzi ile ampea 28 ni kazi ya kila siku.

Hapa ndipo penye fundo.

Kitabu cha gari kinasema fyuzi ni ya 35. Aliyeiweka alikitii kitabu. Alikwenda dukani akaomba fyuzi ya kioo ya 35, akapewa, nayo ikaingia kwa sababu urefu unakaribiana. Lakini 35 ya Lucas na 35 ya dukani leo ni kama kaa la moto na kaa wa pwani: neno moja, vitu viwili.

Waingereza wa enzi zile waliandika kwenye fyuzi mkondo ambao ukifikiwa, fyuzi inakatika. Mkondo ambao fyuzi hiyo iliweza kuubeba mchana kutwa ulikuwa nusu yake. Ya 35 ilibeba 17.5. Wamarekani walifanya kinyume, na duka la leo linawafuata wao: namba iliyoandikwa ni ile ambayo fyuzi inaibeba bila kukatika. Fyuzi ya kioo ya namna hiyo iliyoandikwa 35 itabeba ampea 35 kutwa nzima. Ukiizidishia theluthi moja inaweza kuvumilia hadi karibu saa nzima kabla ya kukatika. Ni pale unapoizidishia mara mbili, ampea 70, ndipo inaachia baada ya sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kuumaliza waya wa nyuzi 14.

Hiyo 17.5 umeshaiona hapo juu, ni uwezo wa waya wa nyuzi 28. Haikutokea kwa bahati. Waliopanga mfumo huu waliijua hesabu yao. Sisi ndio tuliopoteza tafsiri yake. Kwa hiyo mahali palipoandikwa 35 kwenye gari la Kiingereza la zamani, ukinunua fyuzi ya leo omba ya 15. Ikiwa inakatika na umeshahakikisha kwamba hakuna hitilafu, weka ya 20 na usipande tena. Fyuzi za Lucas za zamani utazitambua mara nyingi kwa kikaratasi chenye namba kilichofungiwa ndani ya kioo. Za leo namba yake imepigwa chapa kwenye kofia ya chuma.

Katika makosa yote ya umeme wa magari haya, hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mara nyingi anayelifanya ni mtu mwangalifu aliyejisumbua kusoma kitabu. Kuweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kipande cha msumari mahali pa fyuzi ni jambo jingine. Hapo fyuzi haipo tena, na waya mwembamba kuliko wote kwenye njia hiyo umegeuka kuwa fyuzi, popote ulipo, hata kama umepita kando ya bomba la petroli.

Mgawanyo wa fyuzi mbili

Nikikuambia kwamba hata fyuzi sahihi isingeuokoa waya wa mjomba kwa asilimia mia, usishangae. Fyuzi ya Lucas inabeba 17.5 na waya wa nyuzi 14 unamudu 8.75. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo ambamo waya unaumia huku fyuzi imetulia. Pengo hilo linatokana na uchache wa fyuzi. Gari zima lina mbili. Moja inashika vitu vyenye umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa kawaida honi na taa ya ndani. Nyingine inashika vinavyopata umeme ufunguo ukiwashwa: waipa, geji ya mafuta, indiketa, taa za breki. Fyuzi inayohudumia kundi zima lazima iwe kubwa ya kutosha kundi zima, na ikishakuwa hivyo inakuwa kubwa mno kwa waya mdogo kuliko wote katika kundi.

Na zipo nyaya ambazo hazina fyuzi kabisa. Ili kuzijua huhitaji mchoro, unahitaji kujua rangi.

Kahawia ni umeme unaotoka betri moja kwa moja. Haulali, na hauna fyuzi. Waya wa kahawia ukigusa bodi, betri nzima inamwagika humo hadi kitu kiyeyuke. Mweupe ni umeme uliopita kwenye swichi ya ufunguo, unakwenda kwenye koili ya kuwashia plagi, nao hauna fyuzi. Mweupe ukipita kwenye fyuzi unatoka ukiwa kijani, na kahawia ukipita kwenye fyuzi unatoka ukiwa zambarau. Hayo ndiyo maarifa yenye thamani kuliko yote katika rangi hizi: kijani na zambarau wana mlinzi, kahawia na mweupe hawana. Buluu ni taa kubwa. Wenye mstari mweupe ni taa ndefu, wenye mstari mwekundu ni taa fupi. Mwekundu mtupu ni taa ndogo. Mweusi ni ethi, njia ya umeme kurudi betri. Mstari unaopita juu ya rangi ya msingi unakuambia umeme unaelekea wapi: kijani chenye nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani chenye nyeupe ni ya kulia, na kijani chenye zambarau ni ule wetu ulioungua.

Basi ukimwona mtu anaunganisha waya mwekundu mahali pa kahawia kwa sababu ndio uliokuwepo kwenye droo, ujue amemwachia fundi atakayemfuata maandishi ya uongo. Nimewahi kukuta gari ambalo nyaya zote za nyuma zilibadilishwa kwa waya wa spika wa rangi mbili. Lilikuwa linawaka taa zote. Kulitengeneza kulinichukua siku nne, tatu kati yake zikiwa za kufuatilia kila waya kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Taa kubwa nazo, kwenye Series II na IIA, hazina fyuzi. Hoja inayotolewa ni kwamba fyuzi ikikatika usiku barabara ikiwa mbovu, dereva anabaki gizani ghafla, na hilo ni baya kuliko waya kupata moto. Naiheshimu hoja hiyo lakini siikubali, maana Wajerumani walishalijibu swali hilohilo kwenye Volkswagen Beetle: taa ya kushoto ina fyuzi yake na ya kulia ina yake. Moja ikikatika, nyingine inakufikisha nyumbani.

Kwa kuwa Beetle nazo zimejaa Nairobi na Dar es Salaam, nizitaje kidogo. Fyuzi zake hazina kioo. Ni kijiti cha kauri au plastiki chenye ncha mbili, na utepe wa chuma umepita nje yake, ukishikwa na vibati viwili vya springi. Nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya 16, na namba hizo ni za kubeba, si za kukatikia. Udhaifu wake uko kwenye ncha. Zinapata kutu jembamba ambalo jicho halilioni, taa inafifia, na mtu ananunua balbu mpya bure. Izungushe fyuzi kwa vidole mahali pake mara tatu nne, na mara nyingi taa inarudi palepale.

Kinachoungua bila fyuzi kujua

Kuna moto ambao fyuzi yoyote duniani, hata iliyochaguliwa kwa hesabu safi, haiwezi kuuona. Fyuzi inajua jambo moja tu, wingi wa mkondo. Kiungo kibovu hakiongezi mkondo, kinaupunguza.

Chukua taa kubwa mbili za wati 60. Pamoja ni wati 120, ampea 10. Sasa kiungo kimoja njiani kimepata kutu ya kijani, ile inayokula shaba upesi kwenye hewa yenye chumvi ya Tanga, Mombasa na Unguja, na kimeongeza ukinzani wa ohmu 0.3 tu. Mkondo unashuka hadi kama ampea 8. Volti 2.4 zinapotelea kwenye kiungo hicho, na wati 19 zinageuka joto mahali padogo kama punje ya hindi. Hilo ni joto la pasi ndogo ya kulehemu, nalo liko nyuma ya dashibodi. Fyuzi, kama ingekuwepo, ingeona ampea 8 na kuridhika. Taa nazo zinabaki na volti 9.6, na kwa kuwa mwanga wa balbu ya waya unaanguka kwa kasi kubwa kuliko volti, unabaki karibu nusu. Mwenye gari anasema taa za Land Rover ni mbaya tangu zamani. Si kweli. Umeme haujazifikia.

Waingereza wenyewe wamempa Joseph Lucas, mwanzilishi wa kampuni ile, jina la Mkuu wa Giza. Mzee huyo aliyeanza kwa kuuza mafuta ya taa alizaliwa mwaka 1834 na kufariki 1902, kabla ya dinamo yoyote ya Land Rover kuota. Nadhani lawama hiyo imezidi mno. Viungo vile vya kuchomeka, vyenye ncha kama kichwa cha risasi na mkono wa mpira mweusi, vilitengenezwa vidumu muda wa gari la kawaida, nasi tumevitaka vidumu nusu karne, kwenye mvua za masika, vumbi la kiangazi na mito iliyovukwa maji yakifika mlangoni. Vivute, visugue kwa msasa laini, vipake grisi kidogo, uvirudishe. Vilivyolegea vibadilishe.

Ethi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Umeme unaokwenda kwenye taa kwa waya unarudi betri kwa kupitia bodi na chasisi, na kwenye Land Rover njia hiyo ya kurudi ina kasoro ya kuzaliwa: bodi ni aluminiamu, chasisi ni chuma. Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, na ndiyo sababu gari hili lilipolipuka sokoni mwaka 1948 lilikuwa limevishwa aluminiamu. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu zinalana. Unga mweupe unaouona kwenye boliti za bodi ni ethi yako inayopotea.

Ethi ikipotea kwenye taa ya nyuma, gari linaanza vituko vinavyowafanya watu waseme lina mashetani. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani yake, ndogo ya wati 5 ya taa ya usiku na kubwa ya wati 21 ya breki, na zote zinategemea ethi moja. Tuseme ethi ya kushoto imekatika. Unawasha taa usiku, unazunguka nyuma kukagua, taa ndogo ya kushoto inawaka. Unaridhika. Kumbe umeme umepita kwenye uzi mdogo, ukakosa ethi, ukarudi kinyumenyume kwa uzi wa breki, ukafuata waya wake hadi taa ya breki ya kulia na kupata ethi huko. Sasa kanyaga breki. Umeme unaingia kwenye balbu ile kwa pande zote mbili na hauna pa kutokea. Taa ya kushoto inazimika kabisa, wakati uleule ambao lori lililo nyuma yako linahitaji kuiona. Dawa yake ni waya mweusi wa nyuzi 14 kutoka kwenye taa hadi kwenye chasisi iliyokwanguliwa ikang'aa.

Dinamo, oltaneta, na betri iliyogeuzwa

Hapa nitapita haraka, ila mambo mawili lazima yasemwe.

Kwanza, Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi zilitoka kiwandani na ethi chanya: upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chasisi. Kwa balbu na honi hakuna tofauti. Kwa redio ya kisasa au chaja ya simu ni kifo, kwa kuwa ganda lake la chuma linategemea bodi iwe hasi. Ukitaka kugeuza, inawezekana: geuza betri, badilisha waya mbili za koili na za ampemita, kisha uifundishe dinamo upande wake mpya. Chomoa waya ulio kwenye ncha ya dinamo iliyoandikwa F, gusisha hapo kwa sekunde moja waya kutoka upande wa betri usiofungwa kwenye bodi, uutoe. Dinamo isipofundishwa itafua umeme kinyume na kuunguza kikatio cha chaji, swichi inayoiunganisha na kuitenga dinamo na betri.

Pili, dinamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 ikijitahidi sana. Wengi wameing'oa na kuweka oltaneta kama 17ACR ya ampea 36, na wamefanya vyema. Lakini waya wa kahawia uliopimwa kwa dinamo ukiachwa ubebe oltaneta, umeuweka kwenye hali ya waya wa mjomba, tena huu hauna fyuzi. Uwekee mpya wa nyuzi 84, wa ampea 42.

Oktoba 2024 kulifanyika tamasha la Land Rover Arusha, na kwa namna magari haya yanavyopendwa Tanzania, yataendelea kupakwa rangi na kung'arishwa. Ombi langu kwa kila mwenye nalo ni kwamba kabla ya rangi atenge siku mbili za nyaya. Ongeza kasha la fyuzi bapa za plastiki karibu na lile la zamani na uligawe kundi la kijani: waipa iwe na yake, taa za breki yake, indiketa yake. Fyuzi hizi bapa, zilizoletwa na kampuni ya Littelfuse ya Marekani mwaka 1976, zinauzwa kila mtaa na rangi yake ndiyo namba yake: nyekundu 10, buluu 15, njano 20. Kwa waya wa nyuzi 14 unaobeba taa za breki weka ya 5 au 7.5. Hesabu inaanzia kwenye waya, kisha kifaa, na fyuzi inakaa katikati, juu ya mkondo wa kifaa na chini ya uwezo wa waya. Taa kubwa zipe relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na fyuzi mbili, kushoto na kulia, kama Beetle. Na kwenye waya wa kahawia, unapotoka tu kwenye betri, weka fyuzi moja kubwa ya kulinda gari lote; kebo nene ya stata iache kando, kwani hiyo inavuta mamia ya ampea na haina fyuzi hata kwenye magari mengi ya leo.

Nirudi kwa mjomba. Baada ya kuvuta waya mpya wa kijani na zambarau kutoka kwenye swichi ya breki, ambayo nayo vidole vyake vilikuwa vimeungua, bado nilikuwa sijajua ulipochunika ule wa zamani, na bila kupajua mpya ungefuata njia ileile. Nikatoa balbu zote mbili za breki. Nikaitoa fyuzi ya kijani, na mahali pake nikabana balbu ya wati 21 kwa vibanio viwili. Balbu hiyo hairuhusu zaidi ya ampea 1.75 kupita, kwa hiyo hata kukiwa na shoti, waya hauwezi kuungua; balbu tu ndiyo itawaka kukujulisha. Kwa muda nikaurudishia waya wa zamani, nikawasha ufunguo, mjomba akakanyaga breki, na balbu ikawaka.

Nikalala chini ya gari. Nikaanza kuutikisa waya kutoka mbele, shubiri kwa shubiri. Mjomba ndani, mguu kwenye breki, ananipigia kelele: “Inawaka. Inawaka. Bado inawaka.” Nilipofika kwenye tundu ambalo nyaya zinaingia kwenye chasisi kuelekea nyuma, nikalivuta fungu upande.

“Imezima.”

Nikaliachia. “Imewaka.”

Pete ya mpira iliyotakiwa kukaa kwenye tundu lile haikuwepo. Kilichokuwepo ni ukingo wa chuma wenye kutu, na alama inayong'aa ya upana wa kucha, mahali waya ulipokuwa ukisuguana nao. Pete mpya iliuzwa shilingi mia tano.